Kanga, Kwale na Kware Shambani: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Makazi Ili Vifaranga Wapone

Malalamiko ni yale yale. Mtu ameacha kuwinda, amefunga mbwa, anamwaga punje kila asubuhi, na kona nzima ya shamba ameiacha iwe pori. Kanga wanakuja, wanakula, wanaondoka. Kwale wanasikika alfajiri. Mwaka unaisha, idadi ni ile ile au imepungua.

Karibu kila mara tatizo haliko kwa ndege wakubwa. Liko kwa kifaranga wa siku 1 hadi 14.

Kifaranga wa kware anapoanguliwa hafiki gramu 10. Chakula cha kuanzia wanachopewa ndege wa jamii hii wakifugwa huwa na protini ya karibu asilimia 28, na punje ya mahindi ina karibu asilimia 9 tu. Kwa hiyo ile punje unayomwaga ni ya baba na mama. Mtoto anataka wadudu, na anataka kuwafikia kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu hawezi kuruka bado na mzazi hamletei chakula kiotani kama wafanyavyo njiwa au shomoro. Pori lililofungamana linamnyima njia, na shamba lililopuliziwa dawa linamnyima wadudu.

Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kumfuata huyo kifaranga. Zinawahusu kanga, kwale wa aina zote, na kware (wengine humwita tombo), kwa kuwa wote hutaga chini.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Kamba ya mita 50 iliyofungwa kifundo kila mita 1, na vigingi vya mti vya kuwekea alama
- Jembe, reki, fyekeo na panga. Kama una trekta, haro nyepesi (chombo cha kukwangua na kuvunja udongo wa juu)
- Shuka moja jeupe, kuukuu, na fimbo ya kawaida
- Mpira wa tenisi
- Daftari na penseli (wino hufutika umande ukiugusa)
- Darubini, ukiweza kuipata
- Mbegu za nyasi zinazoota kwa mashina (mafungu mafungu, si za kutambaa), na kiasi kidogo cha mtama, ulezi na mimea ya jamii ya kunde

Usikimbilie kununua mbegu. Ardhi iliyowahi kulimwa huwa imejaa mbegu za magugu tayari, nazo huota zenyewe udongo ukiguswa. Nunua baada ya kuona kilichoota chenyewe.

## Hatua ya 1: Tembea shamba kabla ya kugusa chochote

Kwa siku tatu au nne, tembea kingo zote alfajiri na saa moja kabla ya jua kuzama. Sikiliza. Kwale na kware huonekana kwa nadra lakini hawanyamazi. Weka alama kwenye mchoro wa shamba kila mahali uliposikia mlio, ulipoona nyayo, manyoya, au shimo la kuogea vumbi.

Halafu tafuta vitu vinne: pa kutagia, pa kulelea vifaranga, pa kujifichia ghafla, na pa kulala. Pima umbali kati yake kwa hatua zako. Hapa ndipo wengi hugundua kosa lao. Vitu vyote vinne vipo, lakini pa kutagia pako kaskazini na pa kulelea pako kusini, katikati kuna uwanja mtupu wa mita 300. Ndege mkubwa huuruka kwa sekunde chache. Kifaranga wa siku mbili hafiki.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuonyesha kwa kidole kwenye mchoro wako: "hapa atatotoa, na hapa, pembeni yake kabisa, ndipo atakapokwenda kula asubuhi ya kwanza."

## Hatua ya 2: Ukanda wa kiota

Kiota cha ndege hawa ni kishimo kifupi tu ardhini, kimetandikwa majani makavu, mara nyingi chini ya shina la nyasi. Kinachokificha ni nyasi kavu za msimu uliopita. Nyasi mbichi za mwaka huu bado fupi wakati ndege anaanza kutaga, kwa hiyo ukifyeka na kusafisha kila kitu mwishoni mwa msimu, umebomoa nyumba kabla mwenyewe hajahamia.

Chagua ukingo mmoja wa shamba, usio chini ya maji wakati wa mvua. Pima upana wa angalau mita 4. Mita 2 zinatosha kuotesha nyasi, ila ukanda mwembamba humrahisishia nguchiro kazi: huufuata kama njia, akinusa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakosi.

Unatafuta nyasi zinazoota kwa mashina yaliyoachana, kila shina lina upana wa kama futi moja na urefu wa sentimita 25 au zaidi, na chini, kati ya shina na shina, pana udongo mtupu. Nyasi zinazotambaa na kutandaza zulia hazifai. Kama ndizo ulizo nazo, zing'oe kwa vipande na upande za mashina kwa nafasi ya hatua moja hadi mbili.

Kisha gawa ukanda huo katika sehemu tatu. Kila mwaka fyeka sehemu moja tu, nje ya msimu wa kutaga. Ukifyeka yote, hakuna pa kutagia. Usipofyeka kabisa, ndani ya miaka michache vichaka vitafunga na kwale atahama. Moto nao ni vivyo hivyo: ukichoma ukingo mzima umepoteza mwaka. Kama ni lazima uchome, iwe theluthi moja, ndani ya njia ya kuzuia moto iliyolimwa, na baada ya kuhakikisha hakuna kiota.

Ukanda uliofanikiwa ukiuchungulia kwa juu huoni udongo. Ukipiga magoti na kuinamisha kichwa mpaka usawa wa goti, unaona vichochoro vinavyopita chini ya nyasi.

## Hatua ya 3: Ukanda wa vifaranga

Hapa ndipo shamba linapofaulu au kushindwa, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Bandika ukanda huu ubavuni mwa ukanda wa kiota, upande wa mazao, bila njia wala mtaro kati yao. Upana wa mita 6 unatosha kuanzia. Ndio uliojaribiwa sana Uingereza kwenye kingo za mashamba ya nafaka. Huko Sussex mashamba yamefuatiliwa tangu 1968, na somo kubwa lililopatikana kuhusu kwale wa kijivu (kwale wa Ulaya) ni kwamba dawa za magugu zinaweza kuua vifaranga bila kuwagusa. Dawa huua gugu, mdudu aliyekuwa akila gugu hutoweka, na kifaranga hukosa chakula.

Kwa maneno mengine, magugu ndiyo malisho. Jirani atakucheka. Ukingo wenye mchicha pori na kishona nguo unaonekana kama wa mtu mvivu. Mwache acheke.

Fanya hivi:

1. Mwanzoni mwa msimu, kwangua udongo wa ukanda kwa jembe au haro kwa kina cha sentimita 5 hadi 8. Usilime kwa kina. Unataka kuamsha mbegu zilizo juu tu.

2. Ukitaka mazao humo, panda kwa nusu ya kiasi cha kawaida cha mbegu. Mtama au ulezi uliopandwa mbali mbali unatoa paa juu na kuacha sakafu wazi chini.

3. Usiweke mbolea. Mbolea huneemesha nyasi, nyasi hufunga sakafu, na magugu ya majani mapana husongwa.

4. Acha magugu ya majani mapana na ya jamii ya kunde yaote. Yale sumbufu kweli, yanayosambaa mpaka kwenye mazao, yang'oe kwa mkono moja moja kabla hayajatoa mbegu. Dawa isiingie.

5. Gawa ukanda nusu kwa nusu kwa urefu. Mwaka huu kwangua nusu hii, mwakani nusu ile. Ardhi iliyoguswa huotesha majani mapana mwaka wa kwanza. Ikiachwa, nyasi hutawala ndani ya miaka miwili au mitatu.

Sasa majaribio mawili. Yafanye wiki mbili au tatu kabla ya vifaranga kuanguliwa, ili ukute bado una muda wa kurekebisha.

Jaribio la mpira. Chuchumaa, vingirisha mpira wa tenisi kati ya mimea kwa nguvu ya kawaida. Ukienda hatua mbili au tatu ukigonga gonga mashina, kifaranga atapita. Ukinasa papo hapo, hatapita. Tena, nyasi nene za asubuhi zina umande, na kifaranga aliyeloa hupoteza joto haraka. Siku zake za kwanza mwili wake hauwezi kujipasha. Anategemea kufunikwa na mzazi. Muda anaofunikwa ndio muda asiokula.

Mpira ukinasa, pita na reki ukifungua vichochoro vya upana wa mkono, au punguza shina moja kati ya mawili.

Jaribio la shuka. Subiri umande ukauke. Tandaza shuka chini ya mimea, ishike kona ili isipeperuke, kisha piga mashina kwa fimbo mara tano. Inama uangalie haraka maana wanakimbia. Unachotaka kuona ni viwavi vidogo vya kijani, panzi wachanga wasio na mbawa, kunguni wadogo wa mimea, mbawakawa wadogo, buibui. Wawe wadogo na laini, urefu wa milimita 2 hadi 10. Panzi mkubwa mwenye miiba miguuni ni chakula cha kanga mzima, kifaranga humkimbia.

Rudia sehemu kumi tofauti. Fanya hivyo hivyo katikati ya mazao yaliyopuliziwa, ulinganishe. Tofauti yenyewe itakufundisha kuliko mimi. Kama shuka la ukandani limetoka na sisimizi wawili tu, huna tatizo la nguchiro wala mwewe. Una tatizo la chakula.

## Hatua ya 4: Tuta la katikati (kwa mashamba makubwa tu)

Shamba lako likiwa dogo kiasi kwamba unaona ng'ambo bila shida, ruka hapa.

Kwenye shamba pana, wadudu wazuri, wale walao wadudu waharibifu, hawafiki katikati wakitokea kingoni peke yake. Inua tuta la upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 40, lipande nyasi za mashina, liache. Mbawakawa hujihifadhi humo wakati shamba ni tupu, kisha husambaa kwenye mazao na kula vidukari. Ndege nao hupata pa kutagia mbali na kingo. Acha nafasi ya kugeuzia trekta pande zote mbili ili tuta lisiungane na ukingo. Likiungana, wanyama walao mayai wanapata daraja.

## Hatua ya 5: Dawa na mbegu zilizopakwa dawa

Kwenye bomba la trekta, zima nozeli (midomo ya kupulizia) za upande wa ukingo unapopita jirani na ukanda. Kwa bomba la mgongoni, panga njia zako ili mgongo wako, wala si mkono wa kupulizia, uwe upande wa ukanda. Upepo ukielekea ukandani, ahirisha. Dawa inayopeperushwa mita chache tu inatosha kufuta kazi ya hatua ya 3.

La kutisha zaidi ni mbegu iliyopakwa dawa. Kwale na kanga hukwangua udongo kwa miguu na kula mbegu, na baadhi ya dawa hizo zinaweza kuwaua hata kwa punje chache. Mbegu humwagika zaidi pale mashine inapojazwa na pale inapogeukia, yaani pembeni, palepale ndege wanapozunguka. Baada ya kupanda, rudi kwa miguu. Okota au fukia kila rundo. Usimwage mabaki ya gunia kwenye kichaka.

## Hatua ya 6: Kufyeka na kuvuna bila kuua

Piga hesabu kwanza. Ndege hutaga yai moja kwa siku, au kwa siku moja na nusu hivi. Mayai 12 yanachukua kama wiki mbili. Kisha kuatamia: kware wa kawaida siku 17 hadi 20, kwale wa kijivu 23 hadi 25, kanga karibu wiki nne. Kisha wiki mbili hivi mpaka vifaranga waanze kuruka kidogo. Jumla inakaribia wiki nane tangu yai la kwanza, na kiota kikiharibika jike huanza upya. Kwa hiyo kipindi cha kutogusa ukanda wa kiota huhesabiwa kwa miezi.

Kama lazima ufyeke malisho au uvune jirani, anzia katikati ukielekea nje. Nililijua hili kwa gharama. Mwaka mmoja nilifyeka nyasi kwa kuzunguka kutoka nje kuingia ndani, kwa mazoea tu, mpaka ikabaki sehemu ndogo kama mkeka katikati. Kware jike alikuwa humo. Hakuruka mpaka ncha ya fyekeo ilipofika, na alipoondoka niliona mayai tisa, mawili yamepasuka. Nilisimama mbali, nikasubiri hadi jioni. Hakurudi. Siku nzima nilikuwa namsukuma kwenye mtego nilioutengeneza mimi, kwa kuwa ndege huyu akiona ardhi tupu mbele yake hujilaza badala ya kukimbia.

Inua kisu cha mashine mpaka sentimita 15. Punguza mwendo. Usifyeke usiku, wakati jike yuko kiotani na haoni pa kukimbilia. Ukikuta kiota, acha duara la angalau mita 5 kila upande, usiweke kijiti chenye kitambaa juu yake (kunguru anajua kusoma alama), na usikanyage njia moja kwa moja hadi kwenye mayai.

Baada ya kuvuna, mabua yabaki yamesimama kadiri unavyoweza. Punje zilizopukutika humo ndizo chakula cha ndege wakubwa wakati wa uhaba, nazo hazikusanyi kundi zima mahali pamoja kama punje za kumwaga. Kulundikana ndiko kunakoeneza magonjwa na kumwita mwewe.

## Hatua ya 7: Maji, vumbi na pa kulala

Wadudu na umande humpa kifaranga maji mengi, kwa hiyo usihangaike kuchimba bwawa. Kama lipo birika la mifugo lenye kuta wima, panga mawe ndani yake kama ngazi. Vifaranga huzama humo bila mtu kujua.

Acha viraka vya udongo mkavu, laini, penye jua, vya ukubwa wa karai. Humo hujigaragaza kuondoa chawa na utitiri.

Kanga hulala mtini. Usikate miti mirefu michache iliyo karibu na mazao, hata kama inatia kivuli. Kware na baadhi ya kwale hulala chini, kwa hiyo kinachowahusu ni vichaka vifupi vyenye miiba, kimoja kila hatua hamsini hadi mia, vya kukimbilia kipanga akitokea.

## Hatua ya 8: Maadui

Funga mbwa na paka msimu wa kutaga. Hao wa nyumbani wanaweza kukumalizia kiota kimoja baada ya kingine, na ni wewe unayewalisha. Usitupe mabaki ya chakula pembeni mwa shamba. Yanawaita panya, kunguru na nguchiro, na wakishafika hawaishii kwenye mabaki.

Usitege sumu kamwe. Itamuua bundi aliyekuwa akikulia panya, na pengine ndege wale wale unaowalea. Na usinunue kanga au kware wa kufugwa kuwaachia shambani eti kuongeza idadi. Hawajui kujificha, huliwa haraka, na wanaweza kuleta magonjwa kwa wa porini.

Kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi kukamata ndege hawa au kuokota mayai yao bila kibali ni kosa kisheria.

## Hatua ya 9: Hesabu, na ujue la kurekebisha

Hesabu mara mbili kwa mwaka, kwa njia ile ile na saa ile ile. Mara ya kwanza kabla ya kutaga, ukiandika jozi na milio. Mara ya pili baada ya mavuno, mabua yakiwa yamesimama, ukiandika wakubwa na wachanga kila upande wa ukurasa. Kanga mchanga utamjua kwa rangi ya hudhurungi na pembe ya kichwani iliyo ndogo bado. Daftari la mwaka mmoja halisemi mengi. La tatu linaanza kuongea.

Lisome hivi. Jozi zilikuwepo lakini hukuona mzazi hata mmoja mwenye watoto: viota vimeharibiwa, rudi hatua ya 2, 6 na 8. Wakubwa wamepungua kati ya mavuno na msimu uliofuata: hakuna chakula cha kipindi cha uhaba au pa kujificha, angalia mabua na vichaka. Ukamwona jike na vifaranga kumi siku ya kwanza, wanne baada ya wiki, mmoja baada ya wiki mbili: usinunue punje, wala usimlaumu mwewe kwanza. Chukua shuka na mpira, urudi hatua ya 3 asubuhi hiyo hiyo umande ukikauka.